Mtaa wa Kariakoo: Wageni Waliobebeana Mizigo

Somo la mwezi kwa sharika na vikundi vya Biblia. Someni kwanza: Yeremia 29:4–7, Wagalatia 6:1–5, Waebrania 13:1–3.



Katika sharika zetu za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega si nyingi kaya zisizo na mtoto aliye mbali. Mmoja yuko Mwanza, wa pili yuko Geita machimboni, wa tatu yuko Dar es Salaam. Tukimwuliza mama yake, Yuko pande gani za Dar es Salaam? mara nyingi hujibu neno moja tu: Kariakoo. Wachuuzi wetu nao, wakitaka vitenge na viatu na vyombo vya kuuza minadani, hupanda basi na kwenda huko huko. Hata watoto wachungao ng'ombe hushindana kwa majina ya Yanga na Simba, vyama viwili vya mpira vilivyozaliwa pande hizo miaka ya 1935 na 1936, nao hushindana kwa ukali kama Bagika na Bagalu katika ngoma za kwetu.

Hivi jina la mtaa huo latajwa sana kwetu, walakini habari zake hazijulikani. Wengine husema ni mahali pa wezi na upotevu tu. Wengine hudhani ni mahali pa kutajirika upesi. Kwa hiyo tumeona vema kuandika habari zake tangu mwanzo, ili tujue watu wa makabila mengi walikusanyikaje mahali pamoja, walijifunza nini, na sisi tuliobaki nyumbani yatupasa kufanya nini.

1. Mji ulivyoanza

Hapo kale palikuwa na kijiji cha pwani kiitwacho Mzizima, katika nchi ya Wazaramo. Mwaka wa 1862 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji karibu na kijiji hicho, maana bandari yake imekingwa na pepo za bahari. Akafa mwaka wa 1870, na kazi yake ikabaki nusu. Mwaka wa 1887 wakafika Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, na mwaka wa 1891 wakayahamishia huko makao ya serikali kutoka Bagamoyo. Wamisionari wa kwanza wa Kilutheri nao walifika katika mwaka ule ule wa 1887.

Tangu hapo watu wakaja kutafuta kazi bandarini, katika nyumba za serikali, na katika reli. Reli ya kati ilianzwa kujengwa mwaka wa 1905, ikafika Kigoma mwaka wa 1914. Baadaye Waingereza wakajenga tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likamalizika mwaka wa 1928. Hilo ndilo lipitalo Malampaka katika nchi ya Maswa. Basi safari ambayo babu zetu waliifanya kwa miguu miezi mingi, na mizigo kichwani, ikawa ya siku chache tu. Hivyo ndivyo mlango wa pwani ulivyofunguka kwa watu wa Usukuma.

2. Jina la Kariakoo

Mahali penyewe palikuwa shamba la Mjerumani mmoja aitwaye Schöller. Karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya kwanza serikali ya Wajerumani ililinunua ili kuweka hapo mtaa wa Waafrika wenye njia zilizonyoka, na soko katikati yake. Jengo la soko likajengwa, lakini kabla halijatumika ipasavyo vita ikatokea. Mwezi wa Septemba 1916 Waingereza wakautwaa mji.

Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi ambacho kwa lugha yao kiliitwa Carrier Corps. Wapagazi hao wakawekwa kambini mahali hapo, na watu wa mji, wakilitamka jina hilo kwa ulimi wao, wakasema Kariakoo. Huko Nairobi nako upo mtaa uliopata jina lake kwa njia iyo hiyo. Jina hili basi si la sultani, wala la gavana, wala la tajiri. Ni jina la watu waliochukua mizigo ya wengine.

Na tusidhani kazi yao ilikuwa nyepesi. Katika vita ile magari hayakuweza kupita mahali pengi, na farasi na punda walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo chakula na risasi zilichukuliwa vichwani mwa watu. Wengi hawakwenda kwa hiari yao. Walipewa unga wa mahindi usiosagwa vizuri, na watu waliochoka hawakuwa na nafasi wala kuni za kuupika ukaiva. Wakapatwa na kuhara damu, na homa, na baridi ya mvua. Upande wa Waingereza peke yao walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, na wengi wao hakuna aliyeyaandika majina yao juu ya kaburi. Wanyamwezi na Wasukuma, waliojulikana tangu zamani kwa kazi ya upagazi, walikuwamo.

Atembeaye Kariakoo leo hukuta mitaa iitwayo Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti. Hayo ni majina ya mahali palipopiganwa vita mwaka wa 1917, katika nchi za kusini. Na mjini, katika Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka wa 1927, maandishi yake huwataja wapagazi pamoja na askari.

3. Mipaka iliyowekwa na wanadamu

Vita ilipokwisha viwanja viligawanywa, na jengo lile likawa soko kweli. Mwaka wa 1924 serikali ya Waingereza iliugawa mji katika sehemu tatu kwa sheria ya ujenzi. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja namna ya nyumba. Lakini kwa kuwa mwenye fedha za kujenga nyumba ya namna ya kwanza alikuwa Mzungu, mji ukawa na Uzunguni, na Uhindini, na Uswahilini. Kariakoo ilikuwa sehemu ya tatu. Kati yake na mitaa ya Wahindi paliachwa uwanja mtupu, ndio Mnazi Mmoja.

Mipaka hiyo ilileta uchungu, maana barabara njema na maji na taa zilianza upande mmoja, na upande wa pili ulingoja. Lakini ndani ya Kariakoo jambo jingine lilitendeka ambalo watawala hawakulipanga. Kiwanja hakikutolewa kwa kabila. Mzaramo alijenga karibu na Mmanyema, Mnyamwezi karibu na Mngazija, Myao karibu na Mzulu, na Mwarabu mwenye duka akakaa pembeni ya njia. Mitaa yenyewe hushuhudia: Nyamwezi, Kongo, Pemba, Mafia, Swahili, Livingstone. Upo na Mtaa wa Aggrey, jina la mwalimu Mwafrika wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliyezuru nchi zetu mwaka wa 1924 kutazama habari za shule.

4. Nyumba ya vyumba sita

Namna ya nyumba nayo ilisaidia. Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa na mlango katikati, ukumbi wa kupita toka mbele hata nyuma, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande huu, na nyuma yake uani penye jiko na choo. Mbele palikuwa na baraza. Mwenye nyumba, na mara nyingine alikuwa mwanamke, alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vingine akavipangisha.

Basi fikirini. Mtu wa Maswa aliyezoea kaya yake peke yake, na zizi lake, na shamba lililoizunguka, sasa analala ukuta mmoja na mtu wa Kilwa. Wake zao wanapika uani pamoja. Mtoto wa huyu akilia usiku, yule anaamka. Hawana lugha ya nyumbani iliyo moja, kwa hiyo wanasema Kiswahili. Hawana mtemi mmoja, kwa hiyo neno likitokea huamuliwa barazani na wazee wa mtaa. Hatusemi kwamba hawakugombana. Waligombana kwa ajili ya maji, na kodi, na kelele za ngoma. Lakini ugomvi wa watu watakaokutana kesho asubuhi uani hauna budi kwisha.

Neno kubwa kuliko yote lilikuwa kifo. Kwetu mtu akifa, watu wa kijiji chote huja. Lakini huko mjini mgeni akifa, nani atachimba kaburi? Hapo utani ukafanya kazi yake. Wazaramo walikuwa watani wa Wanyamwezi na Wasukuma, na watu husema kwamba utani huo ulizaliwa katika njia za misafara. Mtani alikuja msibani akafanya mzaha, na huku akisaidia kazi za mazishi, ili wafiwa wapate kulia bila shughuli. Pia makabila mengi yalianzisha vyama vyao vya kusaidiana, wakachanga senti kwa ajili ya mgonjwa, na maiti, na asiye na nauli ya kurudi kwao. Hivi watoto wa watu waliobeba mizigo ya vita walijifunza kubeba mizigo ya jirani.

5. Watu wengi wakawa taifa moja

Katika mji huo, mwaka wa 1929, kilianzishwa Chama cha Waafrika. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, Mkristo. Katibu wake alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu, ambaye baba yake alikuwa Mzulu aliyekuja kutoka Msumbiji pamoja na askari wa Wajerumani. Angalieni: mmoja Myao, mmoja Mzulu, dini mbili, na chama kimoja kisichouliza kabila. Nyumba ya chama hicho ilijengwa katika mtaa wa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Humo, tarehe 7 Julai 1954, watu 17 walianzisha TANU, na Julius Nyerere, mtu wa Butiama, jirani yetu wa upande wa Mara, akawa rais wake. Nchi ikapata uhuru mwaka wa 1961.

Kwa hiyo mtu asemaye kwamba kukaa pamoja na watu wa makabila mengine hupoteza watoto wetu, na akumbuke kwamba nchi hii yenyewe ililelewa katika nyumba za vyumba sita.

6. Kanisa katika mji wa wageni

Walutheri wa kwanza wa Dar es Salaam walikuwa wachache, na wengine wao walikuwa watumwa waliokombolewa, watu wasio na ukoo karibu. Mmoja wao, Martin Ganisya, aliyetoka pande za Ziwa Nyasa, akawa mwalimu na kiongozi wa Wakristo wa mji huo. Mtu aliyenyang'anywa ndugu zake wa damu akawa ndugu wa watu wengi katika Kristo. Baadaye wakaja Wakristo wa Uchaga, na Upare, na Buhaya, na Uhehe, kila mmoja na kawaida yake. Huko kwao walikuwa wamefundishwa na misioni mbalimbali. Mjini walilazimika kuimba katika kitabu kimoja. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Wakristo wa mjini walikuwa wamekwisha kuonja umoja huo katika benchi moja la kanisa. Leo uko Usharika wa Kariakoo, na kengele yake na adhana ya misikiti husikiwa na watu wale wale.

7. Kariakoo ya siku hizi

Mwaka wa 1948 mji wote wa Dar es Salaam ulikuwa na watu karibu 69,000. Katika hesabu ya mwaka wa 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Soko la zamani liliondolewa, na mahali pake likajengwa soko kubwa lililochorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mchora ramani za majengo wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa nchi hii. Lilifunguliwa mwaka wa 1975. Paa lake ni kama miavuli mikubwa, au kama miti ambayo chini ya vivuli vyake mama zetu huuza mboga. Nyumba nyingi za vyumba sita zimebomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Wachuuzi hufika kutoka Kongo, na Zambia, na Malawi, na Wachina nao wamo.

Mji huo una majeraha yake. Mwezi wa Julai 2021 moto uliliunguza soko, na watu wakapoteza mali zao. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja ilianguka asubuhi, watu wakiwa kazini. Zaidi ya watu 20 walikufa. Lakini zaidi ya 80 waliokolewa, na wa kwanza kuondoa mawe kwa mikono walikuwa wachuuzi na majirani, kabla ya mitambo kufika. Hakuna aliyeuliza kabila la mtu aliyekuwa akilia chini ya kifusi. Kariakoo ilifanya kazi ya jina lake.

8. Neno la kujihukumu

Sasa, ndugu, hatuna budi kuungama jambo moja. Miaka kadha iliyopita kijana wa usharika wetu mmoja alikwenda Kariakoo kuuza viatu. Tulimbatiza sisi, tukampa Kipaimara sisi. Alipoondoka hakuaga kanisani, nasi hatukumfuata. Tulisema, Amepotea kama wengine. Akaugua huko. Waliomwuguza walikuwa wenzake wawili wa chumba kimoja, mmoja wa Songea, na mmoja Mwislamu wa Pemba. Walipokezana zamu hospitali usiku na mchana. Alipofariki walizunguka dukani kwa watu, wakachanga fedha za gari, wakamleta hata kwao.

Baada ya mazishi yule wa Pemba alitujia kwa adabu akasema, "Shikamoo, mzee. Tulitafuta ndani ya simu ya marehemu jina la mtu wa kanisa lake, tupate kumpa habari mapema. Hatukuliona hata moja." Hakusema kwa kutushutumu. Alikuwa akieleza tu sababu ya kuchelewa. Lakini sisi tuliokuwa tumevaa joho hatukuwa na la kujibu. Mzigo wetu ulibebwa na watu tusiowajua, tena bila kuombwa.

9. Mafundisho

La kwanza. Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mbali na kwao wajenge nyumba, wapande bustani, na kuuombea mji ule walimokaa, kwa maana amani yake ndiyo amani yao. Basi tusiwalaani vijana kwa kuwa wako mjini, wala tusiulaani mji. Tuwaombee wakae humo kama watu wa Mungu, wauze kwa mizani ya haki, wasikimbilie utajiri wa haraka, wala wasiuone ulevi kuwa ndio uhuru.

La pili. Mtume Paulo hutuagiza kuchukuliana mizigo, maana hivyo ndivyo sheria ya Kristo inavyotimizwa. Tena katika sura iyo hiyo husema kila mtu ana furushi lake mwenyewe. Maneno hayo mawili hayapingani. Kijana ana furushi lake: kufanya kazi, kujitunza, kutafuta kanisa alipo. Nasi tuna mzigo wetu: kutomwacha peke yake. Kila usharika uwe na daftari la walio mbali, jina la mtu, mahali akaapo, na namba ya simu yake. Aondokaye apewe cheti cha uhamisho siku ile ile, na mchungaji wa huko apelekewe habari. Mwinjilisti ampigie simu walau mara moja katika miezi mitatu, si kwa kudai sadaka, bali kwa kumwuliza hali.

La tatu. Mwaka wa 2012 mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa, Bariadi ikawa makao yake makuu. Tangu hapo wamekuja Wachaga na Wakinga wenye maduka, Wahaya na Wakurya walio katika kazi za serikali, na wengine wengi. Sisi nasi sasa ni wenyeji wa mji wa wageni. Je, mwanamke wa Njombe akifiwa katika chumba cha kupanga hapa Bariadi, nani atachimba kaburi? Asiyejua Kisukuma akija kanisani, tutamhubiri kwa lugha gani? Mwandishi wa Waebrania hutukumbusha kwamba wako waliokaribisha wageni, kumbe walikuwa malaika. Kule Kariakoo walimpokea mtoto wetu. Deni hilo twaweza kulilipa hapa hapa, kwa watoto wa wengine.

Maswali ya kuzungumza

1. Jina la Kariakoo lilitoka wapi, nalo latukumbusha watu gani?
2. Ni mambo gani yaliyowafanya watu wa makabila mengi wa mtaa huo kuwa majirani wa kweli?
3. Wagalatia 6:2 na 6:5 hutofautiana namna gani? Toeni mfano mmoja mmoja kutoka maisha ya kijana aliye mjini.
4. Hesabuni walio mbali katika usharika wenu. Ni wangapi ambao hamjui mahali wakaapo? Nani atawatafuta, na kabla ya siku gani?
5. Ni wageni gani wanaokaa karibu na kanisa lenu? Nani kati yenu amekwisha kuingia nyumbani mwao?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyebeba msalaba wetu nje ya mji, uwakumbuke watoto wetu walio katika mitaa ya mbali. Uwabariki wote waliowapokea, hata wasioliita jina lako. Utusamehe sisi tuliosahau, utupe mabega ya kubeba na milango ya kufungua. Amina.